Kingamwili zinazogandisha damu: vipimo vitatu, wiki 12 na safari ya sampuli kutoka Arua

Mwanamke aliyepoteza mimba tatu mfululizo pasipo sababu kujulikana. Kijana wa miaka 35 aliyeamka asubuhi akakuta mkono mmoja umepooza. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, ambaye mguu wake wa kushoto umevimba na unauma. Watu wa namna hii wanaweza kuketi katika benchi moja la Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua bila mtu yeyote kuwahusisha, ilhali chanzo cha masaibu yao kinaweza kuwa kimoja: kinga ya mwili iliyogeuka na kuuvuruga mfumo wa kugandisha damu.

Ugonjwa huo huitwa sindromu ya kingamwili dhidi ya fosfolipidi, na katika mafaili ya hospitali huandikwa kwa herufi tatu tu, APS. Hauonekani kwa picha ya eksirei, na daktari hawezi kuutambua kwa kumtazama mgonjwa usoni. Hugunduliwa kwa kuunganisha historia ya mgonjwa na vipimo vitatu vya damu, ambavyo havina budi kurudiwa baada ya muda usiopungua wiki 12. Kwa mkazi wa Arua Hill, au wa Koboko kilomita zipatazo 55 kaskazini, karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, jambo hilo linahusu maabara, na linahusu vilevile barabara, barafu na saa.

Damu inapoganda mahali pasipostahili

Kuganda kwa damu ni neema. Bila hiyo, mkato mdogo wa kisu jikoni ungekuwa hatari. Mwili hutumia chembe sahani pamoja na protini kadhaa zinazoamshana moja baada ya nyingine, na hatua nyingi za mlolongo huo hufanyika juu ya utando wa mafuta uitwao fosfolipidi, unaopatikana katika kuta za seli zote.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kuwakabili wadudu wa maradhi. Kwa mgonjwa wa APS, baadhi ya kingamwili hizo hulenga protini za mwili wenyewe zinazoshikamana na fosfolipidi. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile iitwayo beta-2 glaikoprotini I. Kingamwili zinapoishika protini hiyo juu ya ukuta wa mshipa au juu ya chembe sahani, seli hizo huchochewa na damu huelekea kuganda. Bonge likitokea katika mshipa wa mguu, mguu huvimba. Likisafiri hadi mapafuni, mgonjwa hukosa pumzi na anaweza kufa. Likitokea katika mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Katika kondo la nyuma, kingamwili hizo huweza kuzuia kondo lisijijenge vizuri, na mimba ikaharibika au mtoto akafia tumboni.

Kuwa na kingamwili pekee hakutoshi kumgandisha mtu damu. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 1 na 5 ya watu wenye afya njema wanazo bila kuugua chochote. Mara nyingi pigo la pili ndilo linalofungua mlango: upasuaji, uzazi, maambukizi makali, sigara, au vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni.

Kosa la kipimo cha kaswende lililozaa ugunduzi

Historia ya vipimo hivi inaanzia mbali na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1906, Mjerumani August Wassermann na wenzake walibuni kipimo cha kaswende. Baadaye ilibainika kwamba kipimo hicho kiliweza kufanya kazi kwa kutumia dutu iliyokamuliwa kutoka moyo wa ng'ombe asiye na kaswende. Mwaka 1941, mwanakemia wa Marekani Mary Pangborn aliitenga dutu hiyo na kuipa jina linalotokana na neno la moyo: kadiolipini. Ni aina ya fosfolipidi.

Kipimo kilipotumika kwa umma mzima, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, madaktari waligundua watu ambao damu yao ilionyesha kaswende miaka nenda miaka rudi, ilhali hawakuwa nayo. Miongoni mwao wengi walikuwa wanawake, na baadhi yao baadaye waliugua lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo na figo. Mwaka 1952, Conley na Hartmann walieleza habari za wagonjwa wawili wa lupasi ambao damu yao ilichelewa kuganda ndani ya chupa ya maabara. Mwaka 1972 kitu hicho kilichochelewesha damu kikapewa jina la kizuia-mgando cha lupasi.

Jina hilo ni mtego, na limewapoteza hata wauguzi wazoefu. Wengi wenye kizuia-mgando hicho hawana lupasi. Tena hakizuii mgando mwilini. Hukizuia katika chupa peke yake. Ndani ya chupa, kingamwili huzikumbatia fosfolipidi chache zilizotiwa na fundi wa maabara, na damu inakosa mahali pa kugandia. Ndani ya mwili, kingamwili hizo hizo huchochea seli, na damu huganda kupita kiasi. Mgonjwa anayeambiwa kwamba damu yake "inachelewa kuganda" anaweza kuamini kwamba hatari yake ni kuvuja damu, akaacha dawa anazozihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Aliyeunganisha vipande hivi ni daktari Mwingereza, Graham Hughes, ambaye katika miaka ya 1970 alifanya kazi Jamaica na akawaona wagonjwa waliopooza wenye vipimo vya uongo vya kaswende. Mwaka 1983, akiwa katika Hospitali ya Hammersmith jijini London, alieleza kwa pamoja mabonge ya damu, kuharibika kwa mimba na maradhi ya ubongo. Mwaka huohuo Nigel Harris, mzaliwa wa Guyana aliyekuwa akifanya kazi naye, aliongoza uchapishaji wa kipimo cha kwanza chenye wepesi wa kutambua kingamwili za kadiolipini. Hadi leo vitengo vya kupimia IgG, aina ya kingamwili iliyo muhimu zaidi katika ugonjwa huu, huitwa GPL, na vile vya IgM huitwa MPL.

Vipimo vitatu

Cha kwanza na cha pili hufanana. Fundi huweka sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96. Ndani ya kila kishimo kumegandishwa kadiolipini, au beta-2 glaikoprotini I. Hutia kiasi kidogo cha maji ya damu ya mgonjwa. Ikiwa kingamwili zimo, hunasa. Baada ya kuosha, hutiwa kingamwili nyingine iliyofungwa kimeng'enya, kisha dawa inayogeuka rangi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kingamwili zilivyo nyingi. Mbinu hiyo huitwa ELISA, na wasomaji wengi wa Uganda wanaijua jina kwa sababu imetumika kwa miaka mingi kupima VVU.

Kiwango kinahusika sana hapa. Tangu makubaliano yaliyochapishwa mwaka 2006, ambayo yalitokana na mkutano wa Sydney, namba iliyo chini ya vitengo 40 haihesabiwi kwa kadiolipini. Vigezo vipya vilivyotolewa mwaka 2023 na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya vimeigawa IgG katika ngazi mbili, ya kati kuanzia 40 hadi 79 na ya juu kuanzia 80, na vimeipunguzia IgM uzito. Waandishi wa vigezo hivyo wanasisitiza kwamba vimekusudiwa kuwapanga wagonjwa katika utafiti. Daktari aliye mbele ya mgonjwa bado anaruhusiwa kutumia akili yake.

Kipimo cha tatu, cha kizuia-mgando cha lupasi, ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho kinachobashiri hatari vizuri zaidi. Hakihesabu kingamwili. Hutazama kazi yake kwa kuhesabu sekunde ambazo plazma huchukua kuganda.

Wataalamu wanashauri zitumike njia mbili tofauti za kuanzisha mgando. Mojawapo hutumia sumu ya nyoka. Kifutu wa Russell anaishi India, Sri Lanka na nchi jirani, na sumu yake huamsha moja kwa moja mojawapo ya protini za kugandisha. Mwaka 1934 daktari Mwingereza R. G. Macfarlane aliitumia kusimamisha damu ya wagonjwa wa himofilia. Leo sumu hiyohiyo, ikiwa imezimuliwa sana, ni nyenzo ya kawaida ya maabara. Ikikuta plazma yenye kingamwili, sekunde huongezeka.

Lakini sekunde zinaweza kuongezeka kwa sababu nyingine, kwa mfano upungufu wa protini za kugandisha unaotokana na ini bovu. Hivyo plazma ya mgonjwa huchanganywa nusu kwa nusu na plazma ya watu wazima wenye afya. Ikiwa tatizo lilikuwa upungufu, nusu nyingine huuziba, na muda unarudi kuwa wa kawaida. Ikiwa ni kingamwili, hizo huendelea kuharibu hata katika mchanganyiko. Mwisho huongezwa fosfolipidi tele: zikizidi wingi wa kingamwili, damu hupata pa kugandia, muda hupungua, na jibu huthibitika.

Mtu anayekutwa na vipimo vyote vitatu, tena mara mbili, yumo katika kundi la hatari kubwa kuliko wote. Anayekutwa na kadiolipini peke yake, kwa kiwango cha chini, mara nyingi hana ugonjwa.

Kwa nini wiki 12

Swali hili ndilo linalowaudhi wagonjwa wengi. Mtu amesafiri, amelipa, amepata jibu, kisha anaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi West Nile kuliko Ulaya: maambukizi.

Malaria, VVU, kaswende, homa ya ini aina ya C na magonjwa mengine huufanya mwili utoe kingamwili dhidi ya kadiolipini kwa muda. Mara nyingi kingamwili hizo hazihitaji beta-2 glaikoprotini I ili zinase, hazidumu, na hazigandishi damu. Tofauti hiyo ilieleweka mwaka 1990, pale makundi matatu ya watafiti yalipogundua karibu kwa wakati mmoja umuhimu wa protini hiyo. Mfano wa karibuni ni UVIKO-19: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima wagonjwa 172 waliolazwa hospitalini, na asilimia 52 walikutwa na angalau aina moja ya kingamwili hizo.

Mtu anayeishi mahali penye malaria ya kudumu, akapimwa akiwa na homa, anaweza kubandikwa jina la ugonjwa asiokuwa nao. Na jina hilo lina gharama. Huweza kumaanisha kumeza warfarini maisha yote, dawa inayoweza kusababisha kuvuja damu, katika wilaya ambako kipimo cha kufuatilia dawa hiyo hakipatikani kila kona. Kwa hiyo wiki 12 zinatenganisha kingamwili za mpito na zile zinazokaa.

Upande wa pili wa mizani ni mzito vilevile. Mwanamke ambaye hakupimwa kabisa atabeba mimba ya nne kwa namna ileile aliyobeba ya tatu.

West Nile na kingamwili: uhusiano wa zamani

Wakazi wa eneo hili hawakuanza jana kutoa damu kwa ajili ya kingamwili. Mwaka 1937 watafiti wa taasisi ya Entebbe iliyokuwa ikichunguza homa ya manjano walichukua damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, wakapata kirusi kilichokuwa hakijulikani. Walikiita kwa jina la wilaya, na ndiyo maana leo mkazi wa New York anayeumwa na mbu husikia redioni habari za West Nile.

Baada ya hapo ikaja kazi kubwa zaidi. Katika Hospitali ya Kuluva, kusini ya mji wa Arua, daktari mmisionari Ted Williams aliweka kwa uangalifu orodha ya watoto wenye uvimbe wa taya uliokuwa umeelezwa na Denis Burkitt. Kwa sababu kumbukumbu hizo zilikuwapo, watafiti wa kimataifa wa saratani walichagua West Nile katika miaka ya 1970 na kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000. Sampuli zikahifadhiwa. Watoto walipougua, watafiti walirudi kwenye damu iliyochukuliwa kabla ya ugonjwa na kukuta kwamba wale waliokuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr walikuwa katika hatari kubwa mara nyingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Nature, yakiwa na wagonjwa 14 tu, na bado yanatajwa kama mojawapo ya ushahidi wa mwanzo wenye nguvu kwamba kirusi kinaweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Kazi hiyo inaonyesha kwamba damu ya West Nile inaweza kukusanywa vizuri, kutunzwa na kujibu maswali makubwa. Aliyetoa damu, hata hivyo, hakuwa ndiye aliyengojea jibu. Katika APS anayengoja ni mgonjwa mwenyewe.

Saa nne

Hapa ndipo Arua inapokutana na ugumu wake halisi. Sampuli za vipimo viwili vya ELISA ni wavumilivu: maji ya damu yaliyotenganishwa na kuwekwa kwenye friji husafiri siku kadhaa bila kuharibika. Pia hayajali kama mgonjwa amekwisha kuanza dawa za kuzuia mgando.

Kipimo cha kizuia-mgando hakina uvumilivu huo. Damu huchukuliwa katika chupa yenye kifuniko cha buluu iliyo na sitrati, sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitrati; chupa isipojaa hadi kwenye mstari, uwiano unaharibika na jibu linapotoka. Ndani ya saa nne damu inatakiwa kuzungushwa kwenye mashine ili plazma itengane, kisha plazma hiyo izungushwe mara ya pili. Lengo ni kuondoa chembe sahani hadi zibaki chini ya 10,000 kwa kila maikrolita. Chembe sahani zikibaki kisha sampuli ikagandishwa, hupasuka inapoyeyuka na kumwaga fosfolipidi zake. Kingamwili hujishikiza kwenye fosfolipidi hizo badala ya zile za kipimo, na mgonjwa huambiwa hana kitu.

Basi la kutoka Arua kwenda Kampala hupita Nebbi, huvuka Nile kwa daraja la Pakwach, huvuka tena Karuma, na kwa jumla husafiri karibu kilomita 500. Hakuna basi linalofika ndani ya saa nne. Chupa ya buluu iliyowekwa kwenye kiboksi cha barafu jioni na kufunguliwa maabara asubuhi imekwisha kupoteza maana, hata kama fomu yake imejazwa vizuri na namba ya risiti imeandikwa.

Njia iliyo sahihi inajulikana na haihitaji miujiza: kuzungusha mara mbili palepale mkoani, kugawanya plazma katika vichupa vidogo, kuigandisha kwa baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na kuisafirisha ikiwa ngumu kama jiwe, juu ya barafu kavu, hadi maabara ya rufaa. Uganda ina uzoefu wa kusafirisha sampuli. Kwa miaka mingi waendesha pikipiki wa wizara ya afya wamekuwa wakizunguka zahanati kukusanya sampuli za VVU na kifua kikuu. Tofauti ni kwamba sampuli za VVU zinaweza kukaushwa kwenye karatasi. Plazma ya mgando haikaushwi.

Mahali pasipo na uwezo huo, daktari anaweza kuanza na ELISA mbili na kumpeleka mgonjwa mwenyewe Kampala kwa kipimo cha tatu, badala ya kuipeleka damu yake. Ni ghali kwa familia, lakini nauli ya mtu mmoja ina faida kuliko majibu matatu yasiyoaminika. Na mahali penye mashine ya kawaida ya kupima mgando, muda uliorefuka bila sababu kwa mtu mwenye bonge la damu ni kidokezo cha bure kinachostahili kuandikwa kwa wino mwekundu.

Lipo pia suala la dawa. Heparini na warfarini huvuruga kipimo cha kizuia-mgando. Vidonge vipya kama rivaroxaban huvuruga zaidi, hasa kile cha sumu ya nyoka. Hivyo damu ya kipimo hicho ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya heparini, ikiwezekana. Isipowezekana, matibabu yatangulie. Bonge lililo katika pafu halingoji maabara, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuacha dawa yake kwa uamuzi wake mwenyewe ili "apime vizuri".

Kaswende isiyo kaswende

Katika kliniki za wajawazito, mama hupimwa VVU na kaswende, na mumewe huhimizwa kuja naye. Jibu la kaswende linaweza kuivunja nyumba kabla ya jua kutua.

Ni vizuri kujua kwamba kuna aina mbili za vipimo vya kaswende. Vile vinavyojulikana kama VDRL na RPR bado hutumia kadiolipini, kama enzi za Wassermann, na vinaweza kutoa jibu la uongo kwa mwenye APS, mwenye lupasi, hata mwenye malaria. Vile vya haraka vya kadi, vinavyotumika sana pamoja na VVU, hutafuta kingamwili dhidi ya kidudu cha kaswende chenyewe, na havidanganywi na kadiolipini kwa namna hiyo. Mama mwenye RPR chanya na kipimo cha kidudu hasi, tena akiwa amewahi kupoteza mimba, anastahili kuulizwa maswali mengine, siyo kuulizwa alikuwa na nani. Kwa upande mwingine, kaswende ya kweli nayo huua watoto tumboni na inatibika kwa penisilini, kwa hiyo kipimo cha uthibitisho hakiruki mtu.

Lawama za mimba kuharibika humwangukia mwanamke karibu kila mahali: amevunja mwiko, amerogwa, alitoa mimba ujanani. Wakwe hukaa vikao. Sokoni Arua, mazungumzo ya namna hiyo husikika kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, na katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, waliotoka Kongo huyafanya kwa Kiswahili chao. Karatasi ya maabara haimalizi mashauri hayo. Humpa tu mwanamke jambo la kusema ambalo hapo awali hakuwa nalo.

Jibu linapothibitika

Mtu aliyepata bonge la damu na kuthibitishwa kuwa na APS kwa kawaida hutumia warfarini kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara ili kipimo cha INR kibaki kati ya 2 na 3. Majani mabichi kama kunde na mchicha yana vitamini K inayopambana na dawa hiyo. Mgonjwa haambiwi aache mboga, ambayo kwa wengi ndiyo kitoweo. Anaambiwa ale kiasi kisichopandapanda na kushuka.

Vidonge vipya visivyohitaji INR vinavutia hasa kwa wakazi wa vijijini. Lakini utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha wagonjwa 120 wenye vipimo vyote vitatu, ulisimamishwa kabla ya wakati: asilimia 19 ya waliopewa rivaroxaban walipata madhara, hasa kiharusi na mshtuko wa moyo, kutokwa damu au kifo, ikilinganishwa na asilimia 3 ya waliopewa warfarini. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kwamba vidonge hivyo havishauriwi kwa wagonjwa wa APS, hasa wenye vipimo vitatu.

Mjamzito hapewi warfarini, kwa kuwa huweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Hupewa aspirini ya kiwango kidogo pamoja na sindano za heparini. Katika jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 1997, wanawake 90 wenye kingamwili hizi waliokuwa wamepoteza mimba mara kwa mara waligawanywa sawasawa. Waliopewa aspirini peke yake, 19 kati ya 45 walijifungua mtoto hai. Waliopewa aspirini na heparini walikuwa 32 kati ya 45. Majaribio ya baadaye hayakutoa matokeo yanayolingana kila mara, lakini matibabu hayo ndiyo yanayofuatwa hadi leo. Kwa sababu hiyo warfarini hubadilishwa mapema, mara tu mimba inapojulikana au kabla yake, na mwanamke anayeitumia anahitaji kupanga mimba pamoja na daktari.

Kingamwili nyingine za mgando

APS si peke yake. Zipo kingamwili zinazoishambulia protini ya nane ya mgando, na hizo humfanya mtu avuje damu badala ya kugandisha. Ugonjwa huo, himofilia ya ukubwani, huwapata zaidi wazee, na mara chache wanawake waliojifungua karibuni: michubuko mikubwa isiyo na sababu, uvimbe wa damu ndani ya misuli. Maabara huutambua kwa kuchanganya plazma nusu kwa nusu na kuiacha saa mbili katika joto la mwili, kwa kuwa kingamwili hizo hufanya kazi polepole. Heparini yenyewe, kwa wachache, huzalisha kingamwili zinazoshusha chembe sahani na kugandisha damu kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu dawa kuanza, na kwa hiyo chembe sahani huhesabiwa tena baada ya wiki ya kwanza.

Anayeelekea kwenye kipimo cha pili baada ya wiki 12 anashauriwa kubeba majibu ya kwanza yakiwa na namba zake, siyo neno "chanya" pekee, pamoja na jina la maabara, tarehe, dawa alizokuwa akitumia siku ile, na kama alikuwa na homa. Inafaa kipimo cha pili kifanyike katika maabara ileile. Namba za maabara mbili tofauti hazilingani kirahisi.